Nimebariki bibi arusi nisiyemujua

Leo nimepata haya ya mwaka muzima. Na nilitoka nyumbani nimejipaka mafuta, nanukia vizuri!

Munanijua, miye kukaa pahali pamoja siwezi. Watoto wangu watatu wamechukua damu yangu. Niliwaahidia matembezi tangu zamani: kukaa kwenye kivuli, kukimbia kwenye majani, kunywa sukre, soda baridi, mpaka jioni. Mara ya kwanza mvua. Mara ya pili mukutano wa wamama wa kanisa. Leo asubui Grâce, ule mukubwa wa miaka kumi, ameniangalia mu macho: "Mama, weye unaahidiaka tu."

Ayi! Iliniuma. Nikaapa mbele yao wote: leo tunatoka, na haturudi mbele ya jioni.

Nilikuwa nimeshonesha siye wane kitenge kimoja, bluu na ndege za manjano. Watoto wangu wakiona nafasi wanatawanyika. Wakivaa rangi moja, ninawapata haraka. (Akili hiyo! Nilijisifu miye mwenyewe.)

Saa saba tukatoka mutaa wetu wa Lumumba, siye wane ku moto moja, pikipiki ya kulipa. Jua kali, vumbi mpaka kwenye meno. Exaucé, wa miaka saba, anauliza kila kona: "Tumefika?" Bebe, wa mwisho, analia juu hapana upepo. Miye mwenyewe nauliza dereva: "Tumefika?"

Tukafika kwenye bustani moja kando ya mto, iko na miti na payoti, vibanda vya majani. Ku mulango kijana wa protokole, mwenye kupokea wageni, koti nyeusi, jasho inatiririka, akaangalia nguo zetu.

"Familia! Mupite, mupite! Mumechelewa sana!"

Nikafikiri: heshima gani hii! (Pengine alinisikia nikiimba ku kanisa.) Akatupeleka mbele kabisa, chini ya hema, kwenye viti vya kitambaa. Sukre ikakuja bila kuomba. Kuku ikakuja. Nikamuambia mwenye kuleta: "Siye hatujaomba."

"Mama, familia haiombake!"

Nikakunywa. Ilikuwa baridi, jamani.

Kisha nikaona mama mumoja na kitenge sawa na changu. Nikakasirika, juu mufanyabiashara alinihakikishia kwamba hii ndiyo ya mwisho ku soko. Nikaona wa pili. Wa tatu. Nikageuka nyuma: mistari mizima, bluu na ndege za manjano! Mbele, bibi arusi na nguo nyeupe.

Mungu wangu. Tulikuwa tumevaa sare ya arusi ya watu.

"Watoto," nikasema polepole, "tuende."

Grâce akaweka kuku chini. "Mama. Ulisema mpaka jioni." Exaucé akaanza kufura midomo. Bebe alikuwa tayari analala, akikamata chupa.

Sasa ningefanya nini? Niwavunjie watoto ahadi mara ya tatu? Nikajiambia: dakika kumi tu, kisha tunapotea kupitia nyuma. (Hapo ndipo nilijichimbia shimo.)

Dakika mbili hazikupita. Mikro ikalia: "Tanti wa bwana arusi, shangazi yake ule alitoka kule Aru, asimame! Tunangojea baraka yake!"

Hakuna aliyesimama. Mama ya bwana arusi akaangalia musitari wa mbele, akaona sura asiyoijua. Akakuja mbio, akanikumbatia. "Tanti! Tangu mutoto iko mudogo hatukukuona! Umenenepa!"

"Mama, miye si—"

Muziki ikapigwa. Wamama wakanivuta mikono, vigelegele. Nikajikuta katikati, mikro ku mukono. Bibi arusi akapiga magoti mbele yangu, machozi inatoka. "Tanti, unibariki."

Kwao, tanti ya bwana ndiye anafungaka bibi arusi kitenge kiunoni na kumupa maneno ya kuingia nayo mu nyumba. Mutoto wa watu amepiga magoti. Nimuambie nilikuja kunywa sukre? Roho ilikataa.

Nikafunga. Nikafungua kinywa, na kumbe maneno ilikuwa mingi mu tumbo yangu! "Binti yangu, bwana yako asikuache peke yako na watoto kila Jumamosi akienda kuangalia mupira! Asiseme 'nakuja sasa' na kurudi saa ine ya usiku! Soksi, aokote mwenyewe!"

Wamama wakasimama, wakapiga makofi, wengine wakanichukua video na simu. Mumoja akalia. Nikaongeza sauti.

Hapo ku mulango akaingia mama mumoja mufupi, vumbi ya barabara ya Aru mpaka kwenye kope, kitenge bluu na ndege za manjano, akivuta mbuzi. Akauliza: "Huyu anayenisemea ni nani?"

Protokole akachukua mikro, akanigeukia miye. "Mama, weye ni nani?"

Grâce akapita mbele, mutoto wa adabu, akasema vizuri ndani ya mikro: "Ni mama yetu. Siye tulikuja kutembea tu."

Muzima muzima, nikafa! Kicheko kilianzia nyuma, kikafika mbele. Hata mbuzi ikalia.

Tanti wa kweli akanizunguka, akiniangalia toka juu mpaka chini. "Ulisema juu ya soksi?"

"Ndiyo, mama."

"Ulisema vizuri." Akanipa kamba ya mbuzi. "Lakini umekula kuku ya familia. Familia inafanyaka kazi. Masahani iko nyuma."

Nimeosha masahani ya arusi nzima, jamani, mpaka jua imezama. Watoto wamekimbia kwenye majani, wamecheza, wamekula keki. Sasa wamelala, miguu na vumbi vile vile. Mbele ya kufunga macho Grâce ameniuliza: "Mama, Jumamosi inayokuja tunaenda ku arusi ya nani?"

Wenye kucheka, mucheke polepole. Video inazunguka mujini, na mume wangu hajarudi ku mupira, hajafungua simu yake bado.