Profesa Ashusha Mayai Mlimani

Shemeji yangu, ambaye mtaa mzima tunamwita Profesa, hajawahi kukosea maishani. Inayokosea ni baiskeli, barabara au mlima. Yeye huwa yupo tu hapo karibu.

Siku hiyo kiwanda cha mikate kilikuwa kinamjaribu: ashushe trei sita za mayai kutoka juu mlimani hadi getini. Yakifika mazima, kazi ni yake. Miezi minane alikuwa anakula jasho la mkewe, yaani dada yangu, fundi baiskeli, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokubali.

"Shingo ya baiskeli yako inacheza," dada alimwambia. "Nipe dakika kumi niikaze. Na mzigo umeupandisha juu mno, tena wote nyuma. Ukikolea mwendo, usukani utaanza kutikisika."

"Mke wangu, wewe unajua spana. Mimi najua sayansi."

Sayansi yenyewe ilikuwa hii: aligeuza foku, ile panda inayoshika gurudumu la mbele, ikatazama nyuma, eti gurudumu sasa litamfuata mwenyewe kwa adabu. Dada alimtazama weee, akarudi kwenye grisi yake.

Nilimfuata kwa baiskeli yangu. Nusu ya kwanza ya mteremko Profesa alinihubiria bila kugeuka. Nusu ya pili mahubiri yakakatika. Usukani ulianza kutetemeka, kisha ukapiga kulia, kushoto, kama mtoto anayekataa dawa. Kadiri alivyoukamata kwa nguvu ndivyo ulivyozidi. Nikasema basi, shemeji ndiyo kwisha habari yake, na kazi pia.

Mara nikaona amebana magoti, fremu ikiwa katikati. Mikono ikamlegea. Na baiskeli, bila hata kuombwa, ikatulia. Aliingia getini mzima, na hakuna yai lililopasuka.

Mwenye kiwanda, mama mmoja aliyeshindana mbio za baiskeli ujanani, alikuwa ameona yote.

"Kubana fremu kwa magoti na kulegeza mikono, hiyo ndiyo dawa yake," alisema. "Wengi hawaijui. Nani kakufundisha?"

"Ni hesabu tu, mama," Profesa akajibu, jasho likimtiririka.

"Kazi umepata. Shuka uje ofisini utie saini."

Profesa hakushuka. Nikasogea, nikaiona suruali imelowa, nikaelewa yale magoti yalikuwa yanazuia nini, na kwamba yalichelewa.

"Mama," alisema kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, "naomba karatasi ziletwe hapa hapa. Na aproni. Kama ipo ndefu."