Mashine ya Kuzindua Betri

Muhdhar aliiona riziki yake ikiota jua uani kwa Aidarus: betri za teksi zilizokufa, zimepangwa ukutani kama maiti wanaongoja kusaliwa. Aidarus alikuwa na teksi kadhaa na moyo usiotupa kitu. Kila chake alikipiga alama ya rangi ya kijani, hata ufagio.

"Ami Aidarus," akasema Muhdhar, mkono kifuani, "hizi hazijafa. Zimezimia tu. Nina mashine ya kuzizindua."

"Mashine gani? Mbona sijaiona?"

"Haijafika Mombasa bado."

Hapo alisema kweli. Haikuwa imefika popote. Akaenda kuiunda.

Alipanga chumba cha chini Mji wa Kale, kwa Bi Tumu, mjane asiyekosa sala wala dirisha. Akaokota okota: transfoma ya redio iliyoungua, kengele ya umeme ya hoteli iliyobomolewa, na vibati vyekundu vya redio ya meli, alivyovipendea rangi. Akaviunga juu ya debe la biskuti, akachomeka ukutani. Kengele haikulia, maana kikombe chake kilipotea. Iligonga tu, ta-ta-ta-ta, umeme ukikatika na kurudi. Muhdhar akafurahi. Mteja hulipia sauti.

Ikabaki kupata maiti wa majaribio. Umeme ulikuwa chumba cha chini peke yake. Juu, Bi Tumu alisikiliza redio kwa betri ya gari, nayo imekufa na Ramadhani imekaribia.

"Itakuwa tayari lini, mwanangu? Nataka Kurani yangu mwezi mtukufu."

"Alhamisi, Bi Tumu. Wallahi."

"Usimtaje Mungu kwa betri. Sema Alhamisi, basi."

Betri ya Bi Tumu ikawekwa juu ya meza, imefungwa kwenye mashine, ikigongewa mchana na usiku ili wapita njia wasikie. Chini ya meza, nyuma ya leso iliyoning'inizwa, Muhdhar alificha betri nzima aliyoiazima kwa dereva mmoja wa teksi. Waya zake zilipita kwenye swichi ndogo ya kubonyeza kwa goti, zikapanda hadi betri ya mezani. Ya juu itazamwe, ya chini ifanye kazi.

Alhamisi alasiri Aidarus akaja, pesa za kununua mashine zimevimba kibindoni. Kituoni Mwembe Tayari, basi la bara lilikuwa likimngoja Muhdhar atoroke nazo.

Muhdhar akasafisha koo kwa hotuba. Aidarus hakuwa na subira. Akachukua waya za taa ya gari iliyowekwa hapo kwa majaribio, akazigusisha mwenyewe kwenye betri ya mezani. Taa ikawaka, ikawatia kiwi wote wawili.

Goti la Muhdhar lilikuwa halijasogea.

Akalitazama goti. Akaitazama taa. Akainama, akafunua leso. Palikuwa na waya mbili na vumbi.

"Betri yangu imeibwa!"

"Betri gani?" akauliza Aidarus.

"Ya... ya akiba."

Aidarus akazifuata waya kwa kidole mpaka kwenye swichi. "Ahaa. Kumbe ya akiba ndiyo iwashayo taa."

"Haimo, ami! Tazama, haimo! Yawaka yenyewe! Mashine yafanya kazi kwelikweli!"

Maskini, ukweli alikuwa hajauzoea. Ulimtoka kwa jasho na kelele.

"Ulipokuwa wasema taratibu, karibu nikuamini," akasema Aidarus. "Sasa walia kama mwizi wa kuku."

Juu, redio ikaanza kusoma Kurani kwa sauti nzuri. Bi Tumu akashuka na ufagio.

"Ahsante, mwanangu. Asubuhi nilifagia, nikaikuta iliyo tayari chini ya meza, nikapanda nayo."

"Bi Tumu, yako ni hii ya mezani!"

"Hii? Na ile yenye alama ya kijani ni ya nani?"

Aidarus akageuka polepole. "Ya kijani? Basi umeiazima kwa dereva wangu? Ulitaka kuniuzia umeme wangu mwenyewe!"

Muhdhar akachomoka. Alitokea mlango wa uani, na kiatu kimoja.

Bi Tumu akamrudishia Aidarus betri yake, akapandisha yake mwenyewe juu. Redio ikaendelea kusoma kama kwamba hapakutokea kitu. Kila asubuhi akifagia, alikuwa akiyaona maji ya betri yake yakichemka mapovu madogo, akanyamaza. Vile vishindo vidogo vya umeme vilikuwa vikiubandua ukoko mweupe unaoua betri. Muhdhar alikuwa ameunda kitu cha kweli, na hakuna aliyemwambia mapema.

Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, mkokoteni ukasimama mlangoni, umefunikwa magunia. Aidarus alikuwa nyuma yake, akitazama pembeni.

"Bi Tumu, nasikia mashine bado yagonga. Ninazo betri chache. Wallahi ni chache."

"Usimtaje Mungu kwa betri. Zishushe."

"Na bei?"

"Pesa zile ulizokuja nazo kibindoni Alhamisi ile."

"Zile zilikuwa za kununua mashine nzima!"

"Naam," akasema Bi Tumu, akimfungulia mlango. "Na mimi sitatumia nusu."