Chuma Nilichokibeba Mgongoni

Jumatatu, 3 Machi

Msimamizi wa karakana ametangaza kuwa Alhamisi atachagua mkuu wa chumba cha vipimo. Wanaowania ni wawili. Wa kwanza, binti yangu. Wa pili, kijana wa jirani, tunayemwita Kalamu kwa sababu mfuko wa shati lake umejaa kalamu na hajawahi kumwazima mtu hata moja. Mimi ni mfagiaji wa karakana hiyo hiyo, kwa hiyo habari nimezipata kabla ya wenyewe. Nimepiga kigelegele stoo, mdomo nimeuziba kwa tambara.

Binti yangu anaendesha mashine ya kupimia. Ina kidole chembamba chenye shanga nyekundu kichwani. Kidole kinashuka ndani ya mwanya wa chuma, kinagusa ukuta wa huku, kinagusa ukuta wa huko, halafu kompyuta inasema upana. Nilimuuliza mbona kinagusa mara nyingi hivyo. Akasema kuta huwa zimepinda kidogo, na kugusa mara moja ni kama kuamua ugomvi kwa kumsikiliza mgomvi mmoja. Neno hilo nimewapelekea majirani wote. Wawili nimewaambia ni langu.

Mama Kalamu tulikutana bombani. Akajisifu kuwa mwanawe ana mkono mwepesi. Nikamwambia hata mwizi anao. Hatukuagana.

Jumanne, 4 Machi

Mpango. Mtu aliyeshiba kupita kiasi hasinzii tu, anakoroma. Hilo halihitaji shule. Nimepika chakula cha kutosha msiba, nikampelekea Kalamu mchana. Nikamwambia ale, mwanangu, mama ni mama.

Kijana yule adabu zake zinaudhi. Akaniamkia shikamoo mama, akashukuru, akaenda kumwita binti yangu wale pamoja. Sasa binti yangu na mapishi yangu, nani atamlaumu? Nilipopita baadaye na ufagio, Kalamu anapima, binti yangu kidevu kimelala kifuani. Ikabidi niangushe ndoo. Aliamka. Msimamizi akanikaripia mimi, maji yamefika hadi kwenye viatu vyake.

Jumatano, 5 Machi

Vipande vya mtihani wa kesho vimeletwa, kila mmoja apime chake, jina limebandikwa juu. Chuma kikubwa kama mkate, katikati kina mwanya. Msimamizi akaagiza vilale humo humo chumbani mpaka kesho, mtu asiviguse. Nimemwelewa haraka: anaogopa watu watavipeleka nyumbani kufanyia mazoezi. Mjanja.

Lakini chumba kile kina baridi ya kaburini. Kipoza hewa hakizimwi. Mwanangu huvaa sweta mbili na bado jioni vidole vyake vimekufa ganzi. Huyu baridi haimpendi tangu zamani. Alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, mdogo kama kiatu, na mkunga aliniambia dawa yake ni joto langu tu. Nilimbeba mchana na usiku mpaka akanenepa. Sasa kesho, siku ya maisha yake, ashike chuma kilicholala kwenye baridi? Mkono si utatetemeka?

Wazo limekuja lenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeingia kufagia kabla ya wote. Nikakichukua chuma cha mwanangu, nikakifunga mgongoni kwa shali langu la bluu, nikafagia nacho karakana nzima, kisha uani, juani. Kizito, lakini kimetulia, hakilii. Nilipokirudisha kilikuwa na joto zuri kama mkate. Cha Kalamu nilikiacha na baridi yake. Si juu yangu.

Mtihani ukaanza. Mimi nje, nafuta kioo kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kalamu akapima, akaandika, akakunja mikono. Binti yangu akapima. Akapima tena, uso ukabadilika. Akapima mara ya tatu, akaisimamisha mashine. Nikabandika pua kwenye kioo. Kila akirudia, namba ya mwanya kwenye kompyuta ilikuwa imepungua kidogo.

Akakigusa chuma kwa mgongo wa mkono, kama unavyomgusa mtoto mwenye homa. Akainama, akachomoa kitu ndani ya mwanya, akakitia mfukoni. Halafu akamwambia msimamizi kuwa chuma hiki kina joto, na chuma chenye joto hutanuka, mwanya nao hupanuka, na kadiri kinavyopoa unapungua. Namba anazo, ila haziamini, hivyo hataziandika. Anaomba kingoje mpaka kipoe sawasawa na chumba. Msimamizi akauliza nani amekipasha. Binti yangu akasema hajui.

Nilikaa juu ya ndoo. Mimi ndiye niliyemharibia.

Wakangoja hadi alasiri. Kalamu, ambaye alikuwa na ruhusa ya kwenda zake, akabaki kumpa kampani. Binti yangu akapima upya, namba ikasimama pale pale kila mara. Wote wawili walipata namba ile ile aliyokuwa nayo msimamizi. Lakini msimamizi akasema mkuu wa chumba anayemtaka ni mtu anayeweza kuikataa namba yake mwenyewe. Akamchagua binti yangu. Kalamu akampa mkono, akampa na kalamu.

Jioni mwanangu akaweka mezani uzi wa bluu. Nikasema shali za bluu ziko nyingi. Akaulaza juu ya shali langu. Nikamweleza yote, mpaka la mgongoni. Akacheka hadi akashika mbavu, kisha machozi, kisha akaweka kichwa begani kwangu. Akauliza kipi kilikuwa kizito, chuma au yeye. Nikamwambia chuma, lakini yeye ndiye aliyenichosha.

Kisha akanieleza polepole, kama mwalimu, kuwa chumba kile lazima kikae na baridi ile ile daima. Joto ni adui wa kipimo. Nikamwambia nimeelewa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia Mama Kalamu ukweli: bila mimi kukipasha kile chuma, nani angeijua subira ya binti yangu? Ushindi ni wa watu wawili. Akajitwisha ndoo yake, akaenda zake. Wivu.

Sasa mwanangu ni mkuu, atashinda chumbani humo siku nzima. Baridi yote ile, na mwili wake ule. Nimemnunulia kipasha joto kidogo cha umeme. Jumatatu nitakificha chini ya meza yake, kiwe kinapuliza magoti tu. Mashine iko upande wa pili. Haitajua.