Simba wa Bahi Abadili Jina

Jumatatu, 9 Juni 2003
Nimeshinda. Kwenye Baraza la Siri, kundi letu la barua pepe ambalo huingii bila kualikwa na mwanachama, nimeandika kwamba mkuu wetu wa idara, Bwana Bartolomayo, huitisha vikao ili apate pa kusinzia. Nimesaini "Simba wa Bahi". Madereva wamecheka, wahasibu wamecheka. Nani atajua ni mimi, Ludovick?

Jumatano, 11 Juni
Balaa. Mkuu amepenyeza mtu wake ndani ya Baraza, kila asubuhi analetewa nakala. Simba akipatikana, anahamishiwa kituo cha mbali. Na mke wangu Violeth ndiyo kwanza kapata kazi hapa mjini! Kumsaka Simba kapewa Mwantum wa masjala. Nimecheka kimoyomoyo. Mwantum hajawahi kugusa kompyuta. Hata hivyo Simba nimemuua. Sasa naitwa "Mama Zabibu", mpole kabisa.

Ijumaa, 13 Juni
Mwantum kaniita masjala. Nikajikuta nimempa shikamoo, na nimemzidi miaka miwili. Akanionyesha jalada kuukuu alilochora mistari ya kuunganisha majina yetu ya Baraza. Akasema kwenye nakala alizopewa na Mkuu, maneno yetu hakuyasoma sana. Amefanya kama anapotafuta faili lililopotea: nani kapokea kwa nani, kampa nani. Madereva wanajibizana wao kwa wao, wahasibu vivyo hivyo. Jina moja tu linaongea na pande zote mbili. Akaniuliza ni nani humu ofisini anakunywa chai na madereva, kisha mchana anakula na wahasibu. Nikatazama dari. Akaongeza kwamba Mama Zabibu alizaliwa siku aliyokufa Simba, akakaa palepale, akasalimia walewale.

Sijapata kuona akili ya namna hii. Miaka sita nampita pale nikidhani anapanga makaratasi tu. Nilitaka kumpigia makofi, nikakumbuka aliyekamatwa ni mimi. Akasema atamwambia Mkuu kwamba Simba hakuonekana. Ni kwa ajili ya Violeth, si yangu. Ila ninyamaze.

Jumatatu, 16 Juni
Nimenyamaza siku mbili nzima. Haiwezekani kipaji kile kikose kusifiwa. Leo nimeingia upya: "Mgeni wa Zuzu". Mwaliko nimeomba kwa madereva, na kwa wahasibu pia, niwe salama pande zote. Nimeeleza mbinu yote ya Mwantum, bila kumtaja. Wa kwanza kunikaribisha ni mwanachama mpya anayejiita "Rafiki". Mtu muungwana sana. Anauliza chakula cha mchana huwa nakula na akina nani. Nimemtajia wote.