Nani Kaiba Mto wa Mama Meneja?

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa! Mkuu wa kitengo chetu anastaafu. Ijumaa Mama Meneja, bosi wetu sote, atamtaja atakayeshika nafasi ya mkuu huyo. Na nafasi hiyo ina chumba. Chumba chenye mlango!

Uchungu wangu ni huu: nafanya kazi katika kampuni inayouza milango. Ya mbao, ya chuma, ya vioo, imejaa hadi kwenye korido. Mimi napokea malalamiko ya wateja kuhusu milango. Lakini meza yangu iko njiani kuelekea chooni, na kila apitaye hunisalimu nikiwa natafuna. Nautaka mlango. Nitaufunga, nitaufungua, halafu nitaufunga tena.

Mpinzani ni mmoja tu. Fundi. Hutengeneza vitasa na bawaba zinazorudishwa na wateja. Mpole, haringi, kila mtu anampenda. Watu wa namna hiyo ni wa kuogopwa. Tena hawezi kuona kitu kibovu akatulia. Ofisi nzima imezoea: kitu chako kikiharibika, unakitia kabatini mwake bila kusema neno, na baada ya siku chache unakikuta mezani kwako kizima. Hata mwavuli wangu umepita humo. Sikumshukuru. Angejiona.

Jioni nimetazama tamthilia na Dada na Shemeji. "Wapelelezi wa Ghorofa ya Tatu"! Makarani watatu wanafichua wauaji wakati wa mapumziko ya chai. Leo mpelelezi aliwakusanya wafanyakazi wote, akamnyooshea kidole muuaji, mkurugenzi akampandisha cheo papo hapo. Papo hapo! Dada alikuwa ameshamtaja muuaji kabla chai haijapoa. Alisema ni yule anayejifanya kusaidia sana. Mimi nilimshuku mlinzi. Dada ana bahati tu.

Nimepata wazo.

Jumanne, 4 Machi

Tatizo: ofisini kwetu hakuna uhalifu. Nimeutafuta tangu asubuhi. Kibaya kuliko vyote nilichokiona ni Mtu wa Mauzo akinywa maziwa ya ofisi kwa kuweka pakiti mdomoni. Hiyo haimpandishi mtu cheo. Basi uhalifu usipokuja wenyewe, uletwe.

Mama Meneja ana mgongo mbovu. Haketi bila mto wake wa kahawia, uliobonyea katikati kama sahani. Alipokwenda kupokea wageni nikauchukua, nikautia ndani ya shati. Dada wa Mapokezi akanikazia macho tumboni. Akauliza kulikoni. Nikamwambia nimevimbiwa. Maskini, akanionea huruma, akatoa chupa ya dawa ya tumbo mkobani. Ikabidi niinywe mbele yake. Vijiko viwili! Sitaandika yaliyofuata.

Mto nimeuficha kabatini mwa Fundi, rafu ya chini, nyuma ya kopo la grisi. Mwizi ni yeye, shujaa ni mimi. Usingizi leo utakuwa mtamu.

Jumatano, 5 Machi

Mambo mazuri! Mama Meneja anafoka kila anapokaa na kila anaposimama. Fundi hayupo, ametumwa kurekebisha milango kwenye jengo la mteja mpaka kesho jioni. Hakuna wa kumtetea.

Nikajitokeza. Nikasema kesi hii niachieni mimi. Nilikuwa nimekuja na poda ya Dada, kama wafanyavyo kwenye tamthilia, nikainyunyiza kitini ili nione alama za vidole. Sikuona alama yoyote. Kabla sijaifuta, Mama Meneja akarudi akakaa. Sketi nyeusi! Akaenda kuwapokea wateja huku nyuma kweupe pepepe. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Mimi nilijificha nyuma ya mlango wa chuma.

Ningeweza kuufichua mto leo leo. Lakini kwenye tamthilia hakuna kitu kinachopatikana siku ya kwanza. Watu lazima wahangaike kidogo ndipo waone thamani yako. Wala sijaenda kuchungulia kabatini. Mpelelezi hodari hana pupa.

Alhamisi, 6 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Niliwakusanya wote kwenye chumba cha maonyesho, katikati ya milango. Nikatembea polepole, mikono nyuma. Nikawaambia kikulacho ki nguoni mwako. Mtu wa Mauzo akajipangusa shati. Nikasema mwizi ni Fundi, na leo hayupo kwa sababu dhamiri inamsuta. Dada wa Mapokezi akasema hayupo kwa sababu ametumwa, na barua ya kumtuma kaiandika Mama Meneja. Sikumjali. Nikatangaza kwa sauti nzito kwamba ndani ya kabati lake, rafu ya chini, nyuma ya kopo la grisi, kuna mto wa kahawia!

Tukaenda. Nikafungua. Kopo la grisi lipo. Nyuma yake hakuna kitu.

Niliingiza mkono wote. Nikatoka na grisi hadi kwenye kiwiko. Mama Meneja akaondoka ameshika kiuno.

Mto uko wapi? Ina maana ofisi hii ina mwizi kweli! Nimeogopa.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi kaja asubuhi na mto mkononi. Kitambaa kipya cha buluu, umejaa, umeshonwa pembeni kwa uzi maradufu. Akamwomba Mama Meneja radhi kwa kumchelewesha. Alisema aliukuta kabatini mwake Jumanne akifunga kazi, akaona ulivyobonyea, akajua Mama Meneja ameuleta utengenezwe. Akaenda nao nyumbani, mkewe ni mshonaji.

Mama Meneja akakaa. Akafumba macho. Akasema mgongo wake haujapata raha kama hii kwa miaka. Halafu akafumbua macho. Akauliza, kwa upole wa kutisha, kwamba ikiwa yeye hakuupeleka na Fundi naye alijikutia tu, ni nani aliyejua habari za rafu ya chini, nyuma ya kopo la grisi?

Wote wakanigeukia. Hata Mtu wa Mauzo, na maziwa mdomoni!

Nilikimbilia chooni. Angalau choo kina mlango.

Fundi kapewa nafasi. Na unajua kafanya nini? Kaniombea nisifukuzwe! Kasema pengine na mimi niliona mto umechakaa, nikaona haya kusema. Hakuna aliyeamini, hata yeye mwenyewe. Iliniuma kuliko kufukuzwa. Nilitaka kulia, nikajifanya ni grisi imeniingia jichoni.

Nyumbani Dada hakuuliza mengi. Alitaka kujua tu ni nani aliyekuwa akijifanya kusaidia sana. Kisha akanidai poda yake. Shemeji akasema mchimba kisima huingia mwenyewe, akacheka mpaka akapaliwa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimehamishwa. Meza yangu sasa iko kwenye chumba cha maonyesho, ubavuni mwa mlango wa mfano. Umesimama na fremu yake peke yake, hauna ukuta. Wateja wanaufungua, wanapita, wanaufunga, wananisalimu nikiwa natafuna. Basi, mlango nimepata.

Fundi aliniita chumbani kwake kunywa chai. Kafunga mlango wake, ukafungwa kimya kimya. Bawaba kazipaka mafuta. Nilimeza mate. Kabati lake kahamia nalo, liko pembeni, halina kufuli.

Leo jioni tamthilia imenifumbua macho. Mpelelezi alishindwa mara ya kwanza, akashinda ya pili! Nimekaa nikatafakari kwa kina nilikokosea, na jibu nimelipata. Kosa lilikuwa mto. Mto ulikuwa mbovu, ndiyo maana Fundi akautengeneza. Ningeiba kitu kizima, kingebaki palepale.

Kwa hiyo nimechukua miwani ya Mama Meneja. Mpya kabisa! Kesho naitia kabatini mwa Fundi, rafu ya chini, nyuma ya kopo la grisi. Nani atadhani mtu anaweza kurudia mahali palepale?

Mkono mmoja wa miwani umelegea nilipoikalia wakati wa tamthilia, lakini hilo si neno.