Futuhu ya Ekstenda Nyumbani kwa Bi Zakiya

Jongeeni, waungwana wa Amu na wa kwingineko, wekeni vikombe chini, mwenye kikohozi akohoe kabisa amalize. Kwa jina la Mola naanza khabari ya Bwana Shuaib bin Jeilani, muuza vitambaa, simba wa mtaa wake, mpasua makasha, msomaji wa maelekezo nusu ukurasa, siku aliyoiamrisha ekstenda ya waifai, kile kidude cha kuufikisha mtandao mbali, nayo ikamkatalia.

Chanzo cha vita kilikuwa cha haki. Mkwewe, Bi Zakiya, alifungwa na goti orofani, katika chumba cha ndani kabisa, nyuma ya kuta tatu za mawe zenye unene wa dhiraa, na ruta ilikuwa chini mlangoni. Mdogo wake, Bi Ghada, aliyeolewa Maskati, hawajaonana miaka kumi na mmoja, na kesho yake angepasuliwa macho. Aliahidi kupiga simu ya video siku hiyo baada ya Alasiri. "Nataka kumuona dada yangu," aliagiza, "kabla hawajayagusa mato yangu."

Shujaa akanunua ekstenda. Na kwa kuwa katika nyumba za Amu kitu cha thamani hukaa kidakani, katika vishubaka vile vya ukutani, akamng'oa aliyekuwa amekalia kiti, yaani sahani ya buluu ya marehemu mama wa Bi Zakiya na Bi Ghada, akaisukumia uvunguni mwa kitanda cha mkwewe, akaitawaza ekstenda mahali pake. Taa ikawaka nyekundu. Simu ikamwambia: imeunganishwa, hakuna intaneti.

Akaichomoa, akahesabu hadi thelathini, akaichomeka kwa Bismillahi. Nyekundu. Akaandika paswadi upya, herufi kwa herufi, midomo ikimcheza. Nyekundu. Akaazima pini ya mtandio kwa mkewe Mardhiya, akakidunga kile kitundu cha kuianzisha upya, nayo ikakonyeza mara moja, ikarudia ukaidi wake.

"Ewe plastiki usiye na nasaba," akaihutubia, jasho likimchuruzika, "mimi niliyeifufua pampu ya msikiti watu wamekwisha kuisalia, leo nishindwe na wewe?"

"Bwana, Alasiri imeshasaliwa," akasema Mardhiya.

Hapo, tusifiche, shujaa aliogopa kweli. Bi Zakiya alikuwa ameshatia vipuli vyake vya dhahabu na wanja, ameketi kitandani anaitazama simu.

"Mwanangu Shuaib," akasema bibi huyo, "kitoe kitu hicho. Irudishe sahani ya mama. Ghada akinitazama, aione."

Kwa jemadari, kurudi nyuma ni msiba. Lakini mkwe hakataliwi. Akaibeba ekstenda, amenuna, hadi msanani, chumba cha nje kinachotazama uwanja wa nyumba, akaichomeka penye soketi ya pangaboi ili isipotee tu, akarudi kutambaa uvunguni. Miguu yake ikiwa ndiyo pekee inayoonekana, simu ikalia.

Uso wa Bi Ghada ukajaa kioo kizima, safi. Kule msanani taa ilikuwa ya kijani. Kumbe kidakani, nyuma ya kuta zote zile, ekstenda haikuisikia ruta hata kidogo. Ilitaka kukaa nusu ya ndia tu, kati ya ruta na simu.

"Zakiya," akasema Bi Ghada, "sahani ya mama i wapi?"

Shuaib akaibuka na vumbi kichwani, akaisimamisha sahani kidakani kwa mikono miwili. Bi Ghada akaitazama sana, machozi yakimtoka.

"Haya," akasema. "Sasa na wayapasue."

Basi na iandikwe katika tarikhi za Amu, kwamba siku hiyo Bwana Shuaib aliifungua ndia ya Maskati. Mwenyewe husema alijua tangu mwanzo kwamba kasoro ilikuwa ni mahali ilipowekwa. Mardhiya akimsikia, huchukua pini yake akafunga mtandio.