Walinzi Wawili, Kompyuta Moja

Jumatatu, 4 Machi

Nimeweka programu ya pili ya kuzuia virusi kwenye kompyuta ya nyumbani. Ya kwanza aliiweka shemeji, kaka wa mke wangu, fundi kompyuta. Alishanionya kwamba moja yatosha, zikiwa mbili zitagombana. Akanipigia ile methali ya fahali wawili na zizi moja. Nikamjibu kwamba hawa si fahali, ni walinzi. Yeye kila kitu ni moja tosha. Kijiko cha sukari, moja tosha. Ndiyo maana namwita Mojatosha, ingawa si mbele yake.

Miaka kumi na saba natunza ghala la rangi. Kila mlango una walinzi wawili, wa pili amwangalie wa kwanza. Kila mlango una kufuli mbili, na funguo hazikai kwa mtu mmoja. Haijaibiwa hata brashi.

Na safari hii kuna cha kulinda. Mke wangu ni muuguzi. Miaka tisa anangoja ukuu wa wodi ya watoto. Sasa nafasi imetoka, na Ijumaa saa mbili asubuhi lazima awe amewasilisha mpango wake wa kuendesha wodi. Kurasa kumi na mbili, wiki tatu za kudonoa herufi kwa vidole viwili. Alikuwa na nakala kwenye flashi. Nimeifuta na kuificha kwenye droo ya soksi. Flashi ndiyo mlango wa virusi.

Jumanne, 5 Machi

Kompyuta imechukua dakika arobaini kuwaka. Nilimweleza mke wangu kwamba ukaguzi mzuri hauna haraka. Akasema alitaka kurekebisha ukurasa wa saba tu. Akaenda zamu bila kuurekebisha.

Alasiri, balaa. Feni inanguruma kama mashine ya kusaga. Kidirisha kikatokea: mlinzi wa kwanza anasema wa pili ni virusi, tumwondoe? Sijamaliza kusoma, kingine: wa pili anasema vilevile kuhusu wa kwanza. Jasho likanitoka. Nikabonyeza Ndiyo kwa wote wawili. Sikutaka kupendelea.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwisha. Faili la mpango halipo.

Mojatosha alikuja saa ya chakula cha mchana, akaifungua kompyuta, akakuna kidevu. Alieleza kwamba mlinzi wa kwanza alikuwa akilikagua faili, wa pili akamwona amelishika, akadhani ni mwizi, akalitia karantini. Wa kwanza akaiona karantini imejaa vitu vya kutia shaka. Akafuta vyote. Nilingoja aseme asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akanipa pole tu. Upole wake uliniuma zaidi.

Mke wangu aliuliza flashi iko wapi. Nikaileta kutoka kwenye soksi. Akaichomeka. Tupu. Siku zote huniita Baba Pacha. Leo aliniita kwa jina langu kamili, la cheti cha ndoa, kisha akaenda kukaa uani peke yake. Najichukia.

Alhamisi, 7 Machi

Amebadilishana zamu na mwenzake. Ameketi mezani tangu asubuhi, anaandika upya kwa mkono kwenye daftari, kutoka kichwani. Hospitali imesema itapokea. Pacha wetu wamekatazwa kupita sebuleni. Mimi pia.

Alimaliza saa kumi na moja jioni, kidole kimevimba. Nikaomba radhi. Akasema yaishe, ila nisiguse kitu. Sikugusa. Nimehifadhi tu. Daftari nimelifungia kabatini kwa kufuli mbili za ghalani. Ufunguo mmoja ninao mimi. Wa pili, kwa sheria ya ghala, nimempa jirani yetu fundi cherehani, mama mwaminifu sana.

Ijumaa, 8 Machi

Fundi cherehani amesafiri tangu alfajiri, kaenda harusi ya mdogo wake. Simu yake haipatikani.

Saa moja na robo mke wangu alikuwa amesimama mbele ya kabati na sare yake. Mojatosha akafika na msumeno wa chuma. Akakata taratibu. Akauliza, bila kunitazama, kama kufuli moja isingetosha. Saa moja na nusu kufuli ya pili ikaanguka. Mke wangu akatoka mbio, daftari kifuani. Hakuaga.

Baadaye alimtumia kaka yake ujumbe, si mimi. Amewahi, zikiwa zimebaki dakika nne.

Nimekaa na kufuli iliyokatwa mkononi. Nimelia kidogo. Kisha nikaitazama kompyuta, haina mlinzi hata mmoja, na nikaliona kosa. Wawili wakigombana, hakuna wa kuamua. Nimeanza kuwaweka tena, mmoja mmoja, kabla mke wangu hajarudi. Methali inasema fahali wawili. Haikusema watatu.